Mayatima Wenye Mama: Habari ya Interna ya Katende



Tarehe 2 Desemba 2024 tribinali ya rufani ya Brussels, katika Ubelgiji, ilikata neno ambalo wengi kati yetu walilisikia ku radio, kiisha wakalisahau. Wanawake watano wazee, wote wenye umri wa miaka zaidi ya sabini, walikuwa wameishtaki Serikali ya Ubelgiji. Majina yao ni Léa Tavares Mujinga, Monique Bitu Bingi, Noëlle Verbeken, Simone Ngalula na Marie-José Loshi. Wote watano walizaliwa katika Congo kati ya mwaka 1945 na 1950, kwa mama mweusi na baba mzungu. Wote walichukuliwa wakiwa wadogo sana, wakapelekwa Katende, misioni ya Kasai, katika nyumba iliyoongozwa na Masista wa Mtakatifu Vinsenti wa Paulo. Tribinali ilisema kwamba kuwaondoa watoto hawa kwa mama zao kulikuwa kosa la jinai dhidi ya ubinadamu, na kwamba Serikali inapashwa kumlipa kila mmoja wao euro 50,000.

Kwa nini tuzungumze neno hili katika gazeti la seminari, tena huku Kamina? Kuna sababu tatu. Ya kwanza: nyumba ile haikuwa kambi ya asekari wala gereza, ilikuwa nyumba ya misioni, yenye kanisa, kengele na kalasi. Ya pili: Kasai si inchi ya mbali kwetu. Tangu mwaka 1928 njia ya gari la moshi ya BCK inaunganisha Bukama, Kamina, Luluabourg (leo Kananga) na Port-Francqui (leo Ilebo). Habari za Kasai zinashuka kwetu pamoja na abiria, na katika mwaka 1960, kama tutakavyoona, mambo ya Luluabourg yaliamuliwa sehemu fulani hapa Kamina. Ya tatu ndiyo kubwa: siri ya nyumba ile ilikaa ndani ya vitabu vya majina. Sisi Mapadri, waseminari na wakatekista ndio watu wenye kushika vitabu vya majina.

Basi tufwate habari hii tangu mwanzo wake.

1. Amri za Bula Matari

Mwaka 1888 Kadinali Lavigerie alizunguka Ulaya akihubiri juu ya biashara ya watumwa. Mateso aliyoyasimulia yalikuwa kweli. Karibu na ziwa Tanganyika, na hata katika inchi zetu za Baluba, watu walikamatwa na kuuzwa, vijiji vilichomwa, na watoto wengi walibaki peke yao. Mapadri wa Afrika walikomboa watoto kwa vitambaa na shanga, wakawalea katika misioni zao. Mtu mwenye haki hawezi kulaumu kazi ile yote. Mayatima wa kweli walikuwako, na waliokolewa.

Lakini Mfalme Leopold wa Pili naye alikuwa na mpango wake. Kwa amri ya tarehe 12 Julai 1890, Serikali ya Congo ilijiweka kuwa mlezi wa watoto waliokombolewa utumwani, wa watoto walioachwa, na wa mayatima. Mwaka 1892 amri nyingine iliruhusu vyama vya dini na vya upendo kuwapokea watoto wa namna hii katika makao yao. Hivi yakazaliwa makao makubwa ya Boma na ya Nouvelle-Anvers (leo Makanza), ambamo Mapadri wa Scheut waliwekwa kuwa walezi. Watoto walifundishwa sala, kusoma, kulima, na zaidi ya yote mazoezi ya asekari, kwa maana Leopold alitaka watu wa jeshi lake, Force Publique. Wengi walikufa kwa magonjwa mbele ya kuwa watu wazima.

Tuangalie vizuri neno lililo ndani ya amri hizi. Mlezi wa mtoto anapatikana wapi? Anapatikana pale mtoto anapoandikwa kwamba hana mtu. Na nani anaandika? Mkubwa wa Serikali. Mama yake haulizwi, ukoo wake hauulizwi, sultani wake hana sauti. Kwa desturi zetu, mtoto aliyefiwa na baba na mama bado ana wajomba, ana shangazi, ana nyanya. Kwa kweli ni vigumu kwa mtoto wa Kiluba kuwa yatima kabisa. Lakini katika karata ya Serikali, alama moja ya kalamu iliweza kufuta ukoo mzima.

2. Ukaguzi wa mwaka 1904 na 1905

Wengine wanafikiri kwamba ubaya wa mambo haya ulionekana leo tu. Si kweli. Katika Julai 1904 Leopold, kwa kusukumwa na makelele ya Ulaya juu ya mpira na mikono iliyokatwa, aliweka tume ya ukaguzi ya watu watatu: Edmond Janssens wa Ubelgiji, Giacomo Nisco wa Italia, na Edmund von Schumacher wa Uswisi. Walisafiri, wakasikia mashahidi, na maandiko yao yakatolewa mwaka 1905.

Tume ile haikusema juu ya mpira tu. Ilisema vilevile juu ya misioni, hasa juu ya "fermes-chapelles", yaani mashamba yenye kanisa dogo, ambayo Mapadri Wajezuiti waliyaanzisha katika inchi ya Kwango. Iliona kwamba wengi wa waliokaa pale, walioandikwa kuwa mayatima, hawakuwa mayatima hata kidogo. Waliombwa kwa masultani, na masultani hawakuthubutu kukataa. Wajezuiti na rafiki zao walijibu kwa maandiko marefu, wakatetea kazi yao, na mabishano yakaendelea miaka. Mwaka 1906 Serikali ya Congo na Roma wakapatana mkataba juu ya mashamba na masomo ya misioni. Mwaka 1908 Congo ikawa koloni ya Ubelgiji.

Neno moja tulishike: tangu mwaka 1905 ilikuwa imeandikwa wazi, kwa kalamu ya waamuzi wa Mfalme mwenyewe, kwamba "yatima" wa misioni angeweza kuwa mtoto mwenye baba na mama. Mtu wa Serikali au wa misioni aliyefanya vile nyuma ya mwaka huo hawezi kusema kwamba hapakuwa na mtu wa kumwonya.

3. Watoto wa damu mbili

Wabelgiji walipoingia kwa wingi katika koloni, wengi wao walikuja bila wake. Mafundi wa njia ya gari la moshi, wachuuzi, wakubwa wa teritware, watu wa makampuni: wengi walikaa na wanawake weusi, na watoto wakazaliwa. Watoto hawa waliitwa "mulatri". Baba wengine waliwapenda na kuwapa jina. Wengine walirudi Ulaya, wakaoa kule, wasiandike barua tena.

Kwa Serikali ya koloni watoto hawa walikuwa taabu. Utawala wote ulisimama juu ya ukuta mmoja: mzungu huku, mweusi kule. Fasi za kukaa zilitengwa, hospitali zilitengwa, hata makaburi yalitengwa. Mtoto mulatri alipitia katikati ya ukuta ule, kwa kuwa alionyesha kwa uso wake kwamba wenye kujenga ukuta waliuruka usiku. Tena wakubwa waliogopa kwamba watoto hawa, wakikua, watadai haki za baba zao na kuwaongoza weusi katika uasi. Basi walikata shauri: watafutwe vijijini, watolewe kwa mama zao, wawekwe mbali, katika misioni. Amri za 1890 na 1892 zilikuwa tayari, na mwaka 1952 zikatengenezwa upya. Mtoto wa mama mweusi na baba mzungu akahesabiwa kuwa mtoto aliyeachwa, hata kama wakati huohuo alikuwa mgongoni mwa mama yake.

Kazi ilienda hivi. Mkubwa wa teritware alipata habari ya mtoto. Alituma neno kwa sultani au kwa ukoo. Walioona uzito walitishwa kwa adhabu. Mara nyingine watu wa ukoo wenyewe waliagizwa kumpeleka mtoto mpaka misioni, wakitembea siku nyingi, bila kujua kwamba hawatarudi naye. Waswahili wanasema kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mkubwa wa teritware hakuwa na fasi katika karata yake ya kuandika uchungu ule.

Nyumba za kuwapokea zilikuwa nyingi katika Congo na katika Ruanda-Urundi. Katika Rwanda ilijulikana sana ile ya Save, misioni iliyoanzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1900. Katika Kasai ilijulikana Katende.

4. Ndani ya Katende

Masomo ya misioni, siku zile, yalikuwa masomo ya watu binafsi yenye msaada wa Serikali. Tangu miaka ya 1920 Serikali ililipa misioni za Wabelgiji kwa kazi ya masomo, na misioni ziliongoza zenyewe ndani ya kuta zao. Mpango huu ulizaa matunda mengi. Mapadri wa kwanza weusi, moniteri, wauguzi, hata wakubwa wa siasa wa mwaka 1960, karibu wote walipita katika madawati ya misioni. Lakini mpango huu ulikuwa na ubaya wake: ndani ya ukuta hapakuwa na jicho la mzazi. Mkaguzi alikuja kuona madaftari na usafi. Mama hakuja, kwa sababu hakuruhusiwa, au kwa sababu hakujua mtoto yuko wapi.

Wanawake watano walishuhudia mambo ya Katende mbele ya tribinali. Walifika wakiwa watoto wadogo sana. Walikula kidogo, na mara nyingi walilala na njaa. Waliwekwa pamoja na watoto wa namna yao, mbali na wengine. Walisikia wakiitwa "watoto wa dhambi". Neno hili tulisimamie kidogo. Kama dhambi ilikuwako, ilikuwa ya nani? Baba aliketi katika nyumba yake ya matofali, pengine Dominika katika kiti cha mbele kanisani. Mama alilia kijijini. Mtoto wa miaka mitatu ndiye aliyechukua jina la dhambi.

Tena kulikuwa na kitabu. Katika kitabu, majina yalibadilishwa. Wengine walipewa jina ambalo halikuwa la baba wala la ukoo wa mama. Tarehe za kuzaliwa ziliandikwa kwa kukisia. Mahali pa baba paliandikwa kwamba hajulikani, hata pale ambapo kijiji chote kilimjua, na mkubwa wa teritware alikuwa amekula naye mezani. Hapo ndipo siri ilipofungwa. Fimbo na njaa mtu anaweza kuvisahau. Lakini neno la kitabu linamfwata mpaka uzee. Likamfwata alipotaka karata ya uraia, alipotaka kuolewa, alipotaka kujua kama ana ndugu.

Nisieleweke vibaya. Masista wengi waliacha inchi yao kwa kumpenda Mungu na kwa kupenda watu. Walitibu wagonjwa, walizika wafu, wengine walikufa kwa malaria wakiwa vijana. Nina hakika kwamba kati yao walikuwako waliofunika mtoto kwa blanketi usiku. Lakini wema wa mtu mmoja hautengenezi mpango mbaya. Mara nyingi unausaidia kudumu, kwa sababu unamfanya kila mtu aseme: watoto wako mikononi mwa watu wema.

5. Mwaka 1960, na ndege za Kamina

Nyuma ya mwaka 1954 masomo ya namna hii yalianza kushuka. Waziri Buisseret aliyeongoza mambo ya koloni tangu 1954 mpaka 1958 alifungua masomo ya Serikali yasiyo ya dini, na misioni zikapoteza sehemu ya nguvu zao. Kiisha Uhuru ukakaribia, na ukuta kati ya mzungu na mweusi ukaanza kupasuka. Kama hakuna koloni, nani atahitaji nyumba ya kuficha mulatri?

Huko Save, Rwanda ilipowaka moto katika Novemba 1959, walikata shauri la kuwapeleka watoto Ubelgiji. Kati ya mwaka 1959 na 1962 watoto karibu 300 walipandishwa ndege, wakagawanywa katika nyumba na jamaa za kule. Ndugu wa tumbo moja walitengwa. Mama wengine waliambiwa, wengine hawakuelewa waliloambiwa. Hivi nyumba ya Save ikafungwa, lakini kutenganisha kukaendelea ngambo.

Huko Katende mwisho ulikuwa mwingine, na hapa ndipo jina la Kamina linapoingia. Nyuma ya vita ya 1940-1945 Wabelgiji walijenga karibu na mji wetu kambi kubwa ya ndege na asekari, ambayo hata leo tunaiita Base. Uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni 1960. Tarehe 5 Julai asekari wa Force Publique waliasi. Huko Luluabourg wazungu wengi, wanaume, wanawake na watoto, walijifungia katika jumba moja, risasi zikizunguka. Tarehe 10 Julai asekari wa parashuti wa Ubelgiji waliruka kutoka Kamina, wakashuka juu ya Luluabourg, wakawakomboa.

Hakuna mtu mwenye roho anayesikitika kwamba watoto wale waliokolewa. Lakini twende taratibu tuulize: katika Kasai ileile, wasichana wa Katende walikuwa watoto wa nani? Baba zao walikuwa wazungu sawa na baba za watoto wa Luluabourg. Serikali ya Ubelgiji ndiyo iliyojiita mlezi wao kwa amri. Tena mlezi huyu alikuwa amewaondoa kwa mama zao, akisema kwamba damu ya kizungu iliyo ndani yao haipashwi kukaa kijijini. Siku ya hatari ilipofika, damu ile haikuhesabiwa. Masista wa Ulaya waliondolewa. Wasichana wengi wakabaki, katika inchi iliyokuwa imewaka vita kati ya Baluba na Bena Lulua tangu 1959. Wanaume wenye silaha waliwekwa karibu nao, na hao wakawatendea ubaya ambao heshima inatukataza kuusimulia hapa. Wanawake wale wameusimulia wenyewe mbele ya waamuzi, kwa aibu na kwa machozi, zaidi ya miaka sitini nyuma yake.

Mchungaji anajulikana siku mbwa mwitu anapokuja. Mlezi wa Katende, aliyejiweka mwenyewe kwa amri, alionekana siku ile.

6. Miaka ya ukimya, kiisha ukweli

Masomo yetu yaligeuka mara nyingi nyuma ya hapo. Mwishoni mwa 1974 Mobutu alichukua masomo ya Kanisa; Februari 1977 akapatana na makanisa, na masomo yakarudi chini ya uongozi wao kwa mkataba. Wakubwa wapya walikuja, kuta zilipakwa chokaa mara nyingine, madirisha yalivunjika. Jina "mulatri" likatoka katika vitabu vya kalasi. Watoto waliofungiwa wakawa mama na nyanya, wengine huku Congo, wengine ngambo. Hawakuambia watoto wao wenyewe kila kitu. Na misioni zikanyamaza. Tunajua sote methali: mficha maradhi, kifo kitamfichua.

Ukweli ulitoka pole pole, kwa kazi ya mametisi wenyewe waliokusanyika katika vyama na kuanza kutafuta karata zao. Tarehe 25 Aprili 2017, katika Baraza la Seneti la Ubelgiji, Maaskofu wa Ubelgiji waliomba samahani kwa sehemu ya Kanisa katika mambo haya. Tarehe 29 Machi 2018 Bunge la Ubelgiji lilikata azimio, likaagiza Serikali kutambua ubaya uliotendeka na kufungua arkivu. Tarehe 4 Aprili 2019 Waziri Mkuu Charles Michel aliomba samahani mbele ya Bunge, kwa jina la Serikali.

Wanawake watano walisikia maneno haya mazuri. Lakini samahani bila haki haikuwatosha. Mwaka 2020 walishtaki. Mwaka 2021 tribinali ya kwanza iliwakatalia, ikisema kwamba siku zile tendo hili halikuwa bado jinai dhidi ya ubinadamu katika sheria. Walikata rufani. Mwaka 2024 waamuzi wa rufani walisema kinyume: tangu hukumu ya Nuremberg, nyuma ya vita, mataifa yote yalijua kwamba kutesa watu kwa sababu ya asili yao ni jinai, na Serikali ilikuwa na mpango wa kutafuta na kuchukua watoto wa namna hii kwa sababu ya asili yao tu.

Hukumu iliangukia Serikali, haikuangukia Kanisa. Tusijifariji upesi kwa neno hili. Serikali ilitoa amri, lakini mlango uliofunguliwa ulikuwa wa misioni.

7. Visingizio vitatu

Nimesikia Mapadri na walei wema wakisema maneno matatu juu ya habari hii. Inafaa kuyajibu moja moja.

Neno la kwanza: "Zilikuwa desturi za siku zile, tusiwahukumu wazee kwa macho ya leo." Jibu ni lile la tume ya 1905, miaka arobaini mbele ya watoto wa Katende kuzaliwa. Tena sisi wa seminari tuna jibu kubwa zaidi. Tangu mwaka 1879, Papa Leo wa Kumi na Tatu aliagiza kwamba mafundisho ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino yawe msingi wa masomo ya seminari. Mapadri waliokuja Congo walisoma Tomaso. Na Tomaso, aliyekufa mwaka 1274, anauliza kama inafaa kubatiza watoto wa wasioamini bila mapenzi ya wazazi. Anajibu kwamba haifai, kwa sababu mtoto ambaye bado hajafikia akili yuko chini ya ulinzi wa wazazi wake, kama alivyokuwa ndani ya tumbo la mama, na kumwondoa ni kuvunja haki ya maumbile. Kama haifai hata kwa ajili ya Ubatizo, itafaaje kwa ajili ya heshima ya koloni? Basi hawakuhitaji macho ya leo. Walihitaji kufungua kitabu walichokuwa nacho.

Neno la pili: "Mama zao walikubali." Kukubali mbele ya mkubwa wa teritware na asekari wake si kukubali. Tribinali imesema wazi kwamba mama hawakutoa ruhusa. Mfalme Solomoni alimtambua mama wa kweli kwa sababu alikubali kumwachilia mtoto kusudi aishi. Solomoni alimrudishia. Wakubwa wa koloni waliona machozi yaleyale, wakayaandika kuwa ruhusa.

Neno la tatu ndilo lenye nguvu zaidi: "Lakini walisoma! Kijijini wangebaki bila masomo." Ni kweli, wengi walijua kusoma na kushona, na wengine walifika mbali. Lakini masomo ni zawadi kwa mtoto na jamaa yake, hayawezi kuwa bei ya kumnunua kwao. Musa alisoma hekima yote ya Misri katika nyumba ya Farao, lakini Mungu alipanga kwamba mama yake mwenyewe amnyonyeshe, na kwa hiyo alipokuwa mtu mzima alijua ndugu zake ni nani. Kama misioni ilitaka kumsomesha mtoto mulatri, ingeweza kumpokea asubuhi na kumrudisha jioni, kama ilivyofanya kwa watoto wengine wa kijiji.

8. Yanayotupasa sisi

Habari ya zamani haina faida kama haitufundishi kazi ya leo. Nataja mambo matatu.

Kwanza, kuandika kweli. Kitabu cha ubatizo ni mali ya mtoto mbele ya kuwa mali ya parokia. Kanuni 877 ya sheria ya Kanisa inaeleza namna ya kuandika mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa: jina la mama linaandikwa kama umama wake unajulikana wazi, au kama yeye mwenyewe anaomba, jina la baba linaandikwa kama karata halali inamtaja, au kama yeye mwenyewe ametamka mbele ya Paroko na mashahidi wawili. Mkatekista anayeleta orodha ya watoto wa kijiji chake asione jambo hili kuwa dogo. Asiruke jina la mama kwa haraka au kwa aibu. Asikisie tarehe kama nyanya yuko pale na anaweza kuulizwa. Na baba anayejificha, tumtafute, tumwambie kwa upole na kwa nguvu kwamba mtoto anamngoja katika kitabu.

Pili, kutunza na kufungua. Kanuni 535 inaagiza vitabu vya zamani vya parokia vichungwe kwa uangalifu. Sote tunajua mchwa na mvua. Parokia za zamani za inchi yetu zina vitabu vilivyoandikwa kwa mkono wa wamisionari, na katika vitabu vile mtu wa leo anaweza kukuta jina la nyanya yake. Mzee akibisha mlango wa parokia akitafuta kuzaliwa kwake, au mtu akiandika barua kutoka ngambo, asijibiwe kwamba Padri ana kazi nyingi. Saa moja ya kutafuta katika kitabu inaweza kumrudishia mtu mama yake, hata kama ni jina lake tu lililobaki.

Tatu, kuangalia interna zetu na nyumba zetu za mayatima. Leo hakuna mkubwa wa teritware anayeleta mulatri. Lakini kuna watoto waliokimbia vita, kuna watoto walioitwa wachawi na kufukuzwa, kuna watoto wa barabarani katika kila mji wenye gari la moshi. Kuna tena wenye feza kutoka mbali wanaotafuta watoto. Mwaka 2013 Serikali yetu ilisimamisha ruhusa ya kutoka inchini kwa watoto waliopangwa kulelewa ngambo, kwa sababu ya hofu juu ya namna mambo yao yalivyoendeshwa. Basi anayepokea mtoto aulize kwanza: ukoo wake uko wapi? Nani ameutafuta? Nyumba ambayo inapata msaada kwa hesabu ya mayatima ina jaribu la kuhesabu mayatima wengi. Na interna yoyote ambayo mzazi hawezi kuingia siku asiyotazamiwa, hata kama sala zake ni ndefu na bustani yake imefagiwa, inatuhitaji tuitazame kwa macho wazi.

Wale wanawake watano hawakuomba misioni zibomolewe wala Masista walaaniwe. Waliomba iandikwe kwamba walikuwa na mama, na kwamba mama zao hawakuwaacha. Neno hilo limeandikwa sasa Brussels, katika karata ya tribinali. Katika vitabu vya parokia zetu, kalamu bado iko mikononi mwetu.